Dumu la Romana

Niseme mapema, mtu asije akanisingizia baadaye: gongo naichukia. Mume wangu aliinywa mpaka ikampeleka kaburini, na aliyekuwa akimpimia ni Romana, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango chetu. Kila Kwaresima nasimama mbele ya watu naisema gongo bila kumung'unya maneno, na Romana akiwa amekuja kanisani namtazama yeye. Kwa hiyo wanaopita wakisema Bernadetha siku hizi anatetea wapika gongo, wakae kitako wanisikilize.

Chanzo cha yote ni gari.

Optatus, mtoto wa kaka yangu, ana gereji Mpanda mjini, na ana Subaru ya buluu anayoingia nayo kwenye mashindano ya mbio. Sisi wa huku, mbele ya Sibwesa, mbio hazituhusu. Kilichotuhusu ni kwamba kila Jumamosi Optatus anakuja nyumbani, na gari likiwapo kijijini, mgonjwa haachwi akaoza kitandani. Alimpeleka mzee Malale hospitali alipoumwa na nyoka. Aliwapeleka wajawazito, na mmoja wao alijifungulia kiti cha nyuma, Optatus akakiosha bila kununa. Huku kwetu gari la mtu mmoja ni la wote siku ya shida. Asiyetaka hivyo aliache mjini.

Sasa, binti yangu Suzana alikuwa amekuja kwangu kujifungua mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimwanza Jumapili alfajiri. Tukampeleka zahanati, nesi Agape akampima kwa muda mrefu, akatoka nje akanishika mkono. Mtoto amelala kimkingamo, akaniambia. Hawezi kutoka hivyo. Inabidi mama apasuliwe, na apasuliwe leo. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine kwenda Mpanda. Nikataja bodaboda, Agape akakataa katakata, akasema kwenye yale mashimo tutampoteza njiani. Fuso la mpunga lingepita jioni, kama lingepita.

Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, Optatus yupo.

Optatus akaja na Subaru lake likinguruma, tukamlaza Suzana kiti cha nyuma, na watu waliokuwa wametoka ibadani wakajaa uani pa zahanati. Lakini Optatus hakuingia kwenye usukani. Alisimama ameshika paa la gari, kichwa chini.

"Shangazi, mafuta yaliyobaki hayatufikishi hata nusu ya njia."

"Si kuna petroli ya chupa pale dukani? Kimbia."

"Haitumii petroli siku hizi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Gari alikuwa ameligeuza, sasa linakunywa spiriti, ile ethanoli ya kiwandani, anayoletewa kwa mapipa mpaka gereji. Alikuwa ametoa pampu ya mafuta ya zamani akaweka kubwa, kwa sababu spiriti inaliwa kwa wingi kuliko petroli. Nozeli za kumwagia mafuta kwenye injini amefunga nyingine zenye matundu mapana. Mipira yote kutoka tenki hadi mbele ameibadilisha, maana spiriti hutafuna mpira wa kawaida. Hata kontroli boksi, ambayo ndiyo akili ya gari, imefundishwa upya iijue spiriti peke yake. Jana yake alikwenda Kibaoni kulizungusha gari uwanjani watu wapige makofi, na huko ndiko akiba ilikoishia; ya kurudia mjini angeletewa kesho yake.

"Petroli nikiitia, itamwagika nyingi kupita kiasi, plagi zitalowa," alisema. "Na moto wa injini nimeusogeza mbele, unawaka mapema, petroli haivumilii. Pistoni zitatoboka. Tutazimika porini, Shangazi, na Suzana akiwa humo."

"Na hukufikiria mtu anaweza kuumwa?"

"Kuna kifaa kinachoifanya injini ikubali yote mawili. Nilipanga kukifunga mwezi ujao."

Mwezi ujao! Kwanza alifunga cha kumpa sifa, cha kutusaidia kikasubiri mwezi ujao. Nilimtukana Optatus siku hiyo mbele ya kanisa zima, na sijaomba radhi. Nilimwambia tulikuwa na gari, yeye katuachia kelele. Nilimwambia kama hili lilikuwa lake peke yake, angetutangazia mapema tutafute punda. Suzana alikuwa anaugulia ndani ya gari, na mwenye gari ananieleza habari za nozeli!

Optatus alifungua kifuniko cha tenki, sijui alitaka kuona nini mle, labda alitaka tu kuipa mikono kazi. Harufu ikatoka ikanipiga usoni. Niliijua. Ilikuwa harufu ya mume wangu akirudi nyumbani.

"Hii ni gongo," nikasema.

"Ni ukoo mmoja," Optatus akasema taratibu. "Ila hii haina maji. Zenu zina maji mengi."

Nikawageukia watu. Nikapaza sauti, mimi mwenyekiti, nikasema mwenye gongo nyumbani kwake aende akailete, na ailete ile kali kuliko zote. Hakuna aliyetikisika. Walimtazama Erasmus, mtendaji wa kijiji, aliyekuwa amesimama pale na shati lake la kwenda ibadani. Nani angeanza kujifunga kamba mwenyewe?

Erasmus akainua mikono yote miwili. "Jamani, leteni," akasema. "Kuna mtu anakufa hapa. Leo mimi sina macho."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na waliokuwepo wote waliyasikia. Naomba myashike.

Wakaenda wakarudi. Ndugu zangu, niliona chupa zikitoka kwenye nyumba ambazo nilidhani zina maji ya baraka tu! Optatus alikuwa anamimina kidogo kwenye kijiko, anawasha kiberiti. Moja ikakataa kushika moto kabisa. Nyingine ikawaka ikazimika, kijiko kikabaki na maji. Nyingine hivyo hivyo. Akawa anarudisha chupa kwa wenyewe, kila mmoja anaificha kwenye kanga anaondoka upesi. Ndani ya gari Suzana alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Romana akaja mwisho, kwa sababu alitoka shambani kwake, ng'ambo ya kijito. Alikuwa na dumu la lita ishirini kichwani na jingine mkononi. Hiyo ndiyo aliyokuwa anawapelekea wachimbaji wa dhahabu, ameipika mara tatu, wenyewe hukohoa wakiinusa na huichanganya na maji kabla ya kunywa. Optatus akaimimina, akawasha. Ikawaka buluu, taratibu, mpaka kijiko kikakauka.

"Hii itakubali," akasema. "Itagomagoma, lakini itakubali."

Hakukuwa na mrija. Tulikata chupa ya maji tukaifanya faneli, tukaweka kitambaa cha kuchujia, Romana akainua dumu, mimi nikashika faneli. Ilimwagika kwenye vidole vyangu. Dumu la kwanza likaisha, la pili tukafika nusu, Optatus akasema yatosha kutufikisha, tusimcheleweshe Suzana. Nusu ile ikabaki uani, na Erasmus akasema, "Acheni hapo, nitalitunza mimi."

Sitawachosha na ile safari. Gari lilikohoa kama mtu wa kifua. Lilizima mara mbili, Optatus akatoka akafungua filta, akaipuliza kwa mdomo wake, tukaendelea. Mimi nilikuwa nimemshika Suzana kichwa, namtukana Optatus na kuomba rozari kwa pumzi moja. Mpanda walimpokea kwa kitanda cha magurudumu, na kabla jua halijazama nilikuwa nimepakata mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira usoni. Nilikaa pale hospitali nao mpaka Jumamosi iliyofuata, Optatus akaturudisha nyumbani sote watatu.

Na nilipofika nyumbani ndipo nikaambiwa Romana amekamatwa.

Niliwakabidhi Suzana na mtoto kwa majirani, sikuvua hata kanga ya safari, nikaenda ofisi ya kijiji. Optatus akanifuata na gari. Romana alikuwa amekaa kwenye benchi, mgambo mlangoni. Juu ya meza ya Erasmus kulikuwa na lile dumu, nusu yake ileile, limebandikwa karatasi imeandikwa KIDHIBITI.

"Erasmus," nikasema, "wewe si ulisema huna macho?"

"Mama, nimepigiwa simu kutoka juu. Habari zimefika. Kijiji kizima kimetoa gongo mchana kweupe, na mtendaji amesimama anaangalia! Unataka kazi yangu iende?"

"Kwa hiyo aende Romana."

"Sheria ni sheria. Na wewe ndiye shahidi wangu, kila mtu anajua msimamo wako. Utasema ulichokiona, basi."

Yaani alinihesabu mimi! Alidhani chuki yangu ni chombo cha kazi, akihitaji anakuja kuiazima. Nikamwuliza chupa zile nyingine zilikwenda wapi, zile za watu wenye viti vya mbele kanisani, akatazama dari. Kwa sababu gongo ya Romana iliwaka mpaka kijiko kikakauka, ndiyo maana yuko kwenye benchi. Angekuwa mwizi anayeitia maji, angekuwa kwake anapika ugali.

Erasmus hakutaka kubishana na mimi. Alimgeukia Optatus. Mtendaji alikuwa anatakiwa kumfikisha Romana polisi Mpanda siku hiyohiyo pamoja na kidhibiti, na ajabu ni kwamba tangu asubuhi bodaboda zote za kijiji zilikuwa na pancha.

"Wewe utanisaidia, Opta. Gari si lipo?"

"Gari ipo, mtendaji. Mafuta hakuna. Pipa limekauka, nimebakiza ya kunifikisha hapa tu."

"Sasa wewe mwenyewe ungerudije?"

Optatus akatazama meza. Mgambo naye akatazama meza. Nje, dirishani, walikuwa wamejaa watu, na mmoja akaanza kucheka akajiziba mdomo.

"Hicho ni kidhibiti," Erasmus akasema. "Hakiguswi."

Hapo ndipo nilipolinyakua dumu. Mimi si kijana, lakini lita kumi nabeba. Nilitoka nalo nje, mgambo akasogea pembeni kwa sababu nilimsimamia mtoto wake ubatizo, Optatus akakimbia kufungua kifuniko cha tenki, na faneli yetu ya chupa bado ilikuwa kwenye buti. Nilimimina mpaka tone la mwisho. Erasmus alikuwa nyuma yangu anapiga kelele.

"Mama Bernadetha! Unaharibu ushahidi!"

"Ushahidi upo," nikamwambia. "Upo kwenye tenki. Washa, Optatus."

Gari likakohoa, likashika, likanguruma, watoto wakashangilia. Nikamtoa Romana ndani nikamkalisha kiti cha nyuma, pale alipolala Suzana, nikakaa pembeni yake. Nikamwita Erasmus aingie mbele. Nikamwambia twende polisi sote, na tukifika yeye aanze kueleza gari limefikaje huko, na alikuwa amesimama wapi Jumapili, na alisema nini. Mimi ni shahidi wake. Nitasema nilichokiona, basi.

Aliushika mlango. Injini peke yake ndiyo ilikuwa inasema. Karatasi ya KIDHIBITI alikuwa nayo mkononi, imemganda vidoleni. Mwishowe aliufunga mlango, taratibu, yeye akiwa nje.

"Mrudisheni kwake," akasema, akaingia ofisini.

Optatus akaondoa gari. Ni mwendo mfupi, lakini ulinielemea, kwa sababu Romana alikuwa amenigusa bega na sikuwa na pa kusogea. Alikuwa ananuka moshi wa kuni na kile kitu chake. Nikawaza jioni zote nilizokaa mlangoni nikisubiri mtu anayerudi na harufu ile.

"Usidhani nimekusamehe mambo ya mume wangu," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Tulipokaribia kwake akajifuta uso na upindo wa kanga, akaniuliza bila kunitazama:

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikamjibu. "Ananyonya."