Siku Nne za Pikapu Isiyovuta

"Mwenzangu, hilo gari likipona utabaki na nani?"

Jirani aliuliza hivyo siku ya pili, ameegemea ukuta wa ua, beseni kiunoni, kisha akacheka mwenyewe maana ulikuwa utani tu. Mjane hakucheka. Aliendelea kukamua shuka la mwanawe.

Mwana huyo hakuwa amekanyaga pale miaka miwili. Alipita kumsalimia mama tu, kesho yake arudi kazini. Lakini wiki iliyotangulia alikuwa amempa fundi wa kompyuta pikapu yake abadilishe programu ya injini, ipate nguvu zaidi. Badala ya nguvu, ilipanda kilima cha kwao ikikohoa moshi mweusi, waenda kwa miguu wakiipita.

"Siondoki nayo hivi, mama. Itaniumbua njiani."

Basi akakaa. Kila asubuhi aliweka laptopu juu ya boneti na kukunja uso.

"Programu inaitaka turbo isukumie injini hewa kwa presha ya kilo moja na nusu," alimweleza mama, "inasukuma nusu yake. Mafuta yanamwagika tele, hewa hakuna. Ndio huo moshi."

"Ina pumu hiyo!" jirani akadakia toka ng'ambo ya ukuta. "Ipelekeni hospitali!"

Alibadilisha sensa ya kupimia hewa. Akasafisha chujio la hewa. Akarudisha programu ya zamani. Wapi! Ikabaki vilevile, naye akamlaani fundi wa kompyuta na kizazi chake.

Mjane alikuwa ameshajua. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, naye alikaa kando yake miaka kumi na minane, utingo asiye na mshahara, kama mume alivyopenda kumtania. Siku ile ya kwanza, mwana alipokanyaga mafuta gari likiwa limesimama, yeye alikuwa anaanua nguo. Alisikia mlio mwembamba nyuma ya taa ya kulia, kama mtu anayevuta hewa kwenye jino bovu. Ni mpira unaopitisha hewa ya turbo. Ulikuwa umezeeka, programu mpya ikausukuma kupita uwezo wake, ukapasuka chini ya klipu inayoubana, mahali jicho halifiki. Alifungua kinywa aseme. Mwana akamtangulia: "Mama, leo tunakula nini?"

Kinywa kikajifunga chenyewe.

Siku tatu alijitia hamnazo. Alipika sufuria kubwa. Alisikia mtu akipiga chafya chumba cha pili, akamshukuru Mungu kwa chafya. Sala tu ndiyo iliyomshinda: kila akifika mahali pa kuomba msamaha, aliparuka.

Asubuhi ya nne alimkuta mwana amekaa juu ya tairi, mikono myeusi mpaka viwikoni, simu sikioni. "Naelewa, bosi. Basi, safari hiyo mpe mwingine." Akaishusha simu. "Leo naifungua turbo yenyewe. Au labda ufundi siujui, mama. Baba angekuwa ameshaona."

Hilo lilimchoma. Kumkalisha mtoto ni jambo moja. Kumfanya ajidharau ni jingine. Akaingia jikoni, akakoroga sabuni kwenye kopo la maji, akarudi.

"Washa. Kanyaga mafuta, ushikilie."

Akainama, akamimina chini ya klipu. Mapovu yakachemka kama uji. Mwana akaja mbio, akapitisha kidole, akakuta mpasuko wa urefu wa ukucha.

"Mama! Wewe mchawi! Umejuaje?"

Hapo angeweza kunyamaza, akabaki na sifa zake.

"Niliusikia siku ya kwanza. Nilikuwa naanua nguo."

Kicheko kikamkauka. "Siku ya kwanza? Ukaniacha nifungue kila nati?"

"Nilitaka ukae, baba."

Mwana akakata ncha iliyopasuka, akauvuta mpira, akakaza klipu. Akaijaribu pikapu mpaka darajani. Iliporudi ilikipanda kilima kama inateremka, bila moshi.

Mwana aliingia ndani kuchukua mkoba wake. Mama alikuwa amekwisha pakua.

"Kula kwanza," alisema. "Ukishiba utanigombeza vizuri."

Mwana akautupa mkoba begani. Alisimama kidogo, akitazama sahani, si uso wa mama. Kisha akatoka bila kuonja, akawasha pikapu.