Kinyozi Asiyepumua

Kinyozi yule walimwita Kipara, maana kichwa chake kiling'aa kuliko kioo cha dukani kwake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulichekea jina hilo. Wiki ile hakucheka. Jumamosi, akimnyoa ndevu Mjomba wake, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi ghafla, wembe ukamchana mzee shavu. Jeraha lilikuwa dogo. Lakini Mjomba, aliyemfundisha kazi na ambaye siku hizi hatoki kitandani, hakubali kuguswa uso na mtu mwingine. Kipara akishindwa, mzee atazikwa na ndevu zake. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na si mtu wa kurudia maneno.

Hospitali walimpiga Kipara picha ya shingo wakakuta mifupa mizima. Wakamwambia apumzike. Apumzike, halafu wateja awaachie nani?

Alhamisi, shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliingia dukani kujikinga mvua. Mama huyo ni mkunga, na kwa miaka ishirini amesikiliza watu wanavyopumua. Alimtazama Kipara akimnyoa mtu mpaka mwisho, na mteja alipotoka tu, akasema:

"Shemeji, kumbe wewe samaki?"

"Samaki vipi tena?"

"Shavu zima hujapumua hata mara moja! Ona mabega yalivyokupanda, yanataka kuingia masikioni."

Kipara akaeleza kwa fahari kwamba hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Mjomba: kinyozi hampumulii mteja usoni. Wembe ukigusa ngozi, unabana pumzi. Alikuwa akibana hivyo kwa miaka thelathini, na alikuwa ameshasahau kwamba anabana.

"Basi acha kula vitunguu," shemeji akamkatiza, "lakini pumua, baba."

"Haya, nikande basi hii shingo."

"Thubutu! Mikono hii ya kupokea watoto. Kinyozi hajinyoi, sawa, ila kujikanda ataweza."

Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja. Akamwagiza abonyeze kwa vidole nyuma ya sikio, ashuke polepole na mshipa wa shingo mpaka begani, na akikuta fundo atulie hapo bila kulipiga vita. Kisha asimame mlangoni, aegemeze mkono kwenye fremu, asogeze kifua mbele. Mwisho, mkono wa kulia ukiwa bado kwenye fremu, aweke kiganja cha kushoto tumboni: avute hewa kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita.

Mara ya kwanza na ya pili hakusikia kitu, akaanza kuona anafanywa mjinga. Mara ya tano tumbo lilijaa, mbavu zikafunguka hadi mgongoni, na bega la kulia likashuka lenyewe. Kipara akashtuka. Joto likateremka mkononi mpaka kwenye vile vidole viwili, akausikia ubao wa fremu, kila mkwaruzo wake. Mungu wangu! Kitu hiki alizaliwa nacho, hakikununuliwa popote, na miaka yote alikuwa amekifungia nje. Machozi yakamlengalenga, akasingizia sabuni.

Alijikanda Ijumaa asubuhi na jioni. Jumamosi akampaka Mjomba povu, akavuta hewa, akaitoa taratibu, na wembe ukashuka pamoja nayo.

"Unanipumulia," Mjomba akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

Kipara akainua wembe, akangoja kufukuzwa.

"Nani kakufundisha?"

"Mkunga."

"Mimi nilifundishwa kubana. Kwa makofi."

Hapo ndipo Kipara alipokitazama kifua cha mzee chini ya taulo. Kilikuwa kimetulia kimya. Hata leo, ingawa anayenyolewa ni yeye, wembe ulipogusa ngozi Mjomba alikuwa amebana pumzi.

Kipara akaweka wembe kando, akamwekea kiganja tumboni.

"Tuvute wote, Mjomba. Moja, mbili, tatu, nne."

Mzee akakohoa, akatukana kidogo, akajaribu tena. Mara ya sita mabega yake makavu yalilala juu ya mto, na uso chini ya povu ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba.

"Kumbe hewa ipo nyingi hivi," akasema.

Kipara akachukua wembe, akamaliza mashavu yote mawili, wote wawili wakipumua.