Homa ya Jokofu la Chanjo

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Wahenga hawakufanya kazi kwenye zahanati yetu. Kwetu mficha maradhi hupewa cheti cha mtumishi bora, na aliyeyataja ndiye anayeandika barua ya kuomba radhi.

Barua hiyo niliiandika mimi, nikaisaini kwa wino wa bluu, nikaiweka chini ya kikombe karibu na kitanda, niipeleke asubuhi. Kisha nikalala. Usiku wa jana niliota niko zamuni.

Naingia chumba cha chanjo. Jokofu limekaa kwenye kiti cha Bwana Mfinanga, mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu. Limejifunika shuka ya wagonjwa, kipimajoto kiko kwapani.

"Sista Nakunda," linasema, "nina homa tangu Jumamosi."

Naangalia chati ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wake. "Chati inasema uko digrii tano. Jumamosi tano, Jumapili tano, Jumatatu tano."

"Chati ilijazwa Ijumaa saa tisa, kabla umeme haujakatika. Nilikuwepo. Hakuna aliyenigusa paji la uso."

Nalipima. Kumi na nne. Chanjo hazitakiwi kuzidi nane, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Nafuta tano, naandika kumi na nne, kama nilivyofanya Jumatatu nikiwa macho.

Bwana Mfinanga anatoka ndani ya droo ya jokofu, tai yake imenyooka. Ananiambia nimechafua nyaraka, na kwamba hapa tunafanya kazi kama familia, kosa la mmoja ni letu sote.

"Likiwa letu sote, mbona barua naandika peke yangu?"

"Kwa sababu, binti, una mwandiko mzuri."

Ukutani kuna tangazo ambalo nimelipita miaka miwili bila kulisoma: KILA MTUMISHI ATABEBA WAJIBU WAKE. Leo linatekelezwa. Wajibu wa Bwana Mfinanga unaletwa, mkubwa kama gunia la mkaa, umefungwa kamba na kuandikwa jina lake. Anamkabidhi Mama Eliaichi, muuguzi mwandamizi. Mama Eliaichi anasema mgongo unamsumbua, anamsukumia mfagiaji. Mfagiaji anauweka miguuni pangu kwa adabu na kuniomba nisaini kwamba nimepokea.

Nakataa. Nafungua mlango nitoke, na mlango unanitoa kwenye ukumbi wa chuo, siku ya kiapo cha wauguzi. Nimeshika mshumaa wangu uleule. Kwenye viti wamekaa akina mama wa kliniki. Mmoja anasimama, mtoto mgongoni.

"Sista, leo katimiza miezi tisa, nimemleta sindano ya surua. Hiyo dawa ni nzima?"

Ukumbi wote unanigeukia. Bwana Mfinanga, aliyekwisha kukaa meza kuu, ananionyesha vidole vitano.

Kabla sijajibu, sahihi zinaanza kushuka kutoka kwenye chati ya joto. Zinatembea sakafuni kama siafu, kila moja ikimtafuta mwenyewe. Za Bwana Mfinanga ni nyingi. Zinampanda suruali, tai, shingo. Anajipangusa akisema si zake, ni za ofisi. Nakaribia kucheka, ndipo moja inapopanda mguu wangu.

"Pasaka," inasema. "Tano ya Jumapili uliiandika tangu Alhamisi. Jumapili yenyewe ulikuwa kwenu unachambua mchele wa pilau."

Ni yangu. Naijua kwa mkia wake. Naiacha ipande hadi kifuani, ikae. Ni nzito kuliko gunia lile.

"Dawa si nzima, mama," nasema. "Imeharibika. Leo hachomwi. Tukipata nyingine nitakuita mimi mwenyewe."

Yule mama anamhamishia mtoto kifuani. Hapigi kelele.

"Na wa jirani yangu," anauliza, "aliyechomwa wiki ile ya Pasaka?"

Mshumaa ukazimika. Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kikombe kilikuwa mahali pake, na barua chini yake, kila neno palepale: naomba radhi kwa usumbufu nilioleta. Nafasi ya sahihi ilikuwa nyeupe. Niliigeuza karatasi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hata alama ya wino hakuna.

Sikuisaini tena. Nimeandika nyingine ya kwenda kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, ina mistari miwili. Jumatatu, digrii kumi na nne, nilipima. Jumapili ya Pasaka, digrii sijui, sikupima, niliandika tano.

Akina mama wa wiki ile ya Pasaka majina yao yamo kwenye daftari la kliniki. Nitawafuata nyumba kwa nyumba, na kila mmoja nitamwomba radhi mlangoni kwake.

Wewe Bwana Mfinanga, kwa ile kumi na nne, sikuombi.