Hapa Si Stesheni

Mzee Sugiura Tokuji alikuwa mkulima wa kiku, yale maua meupe ya mazishi, na katika rasi nzima ya Atsumi hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa maua wala kwa ubishi. Mtu akifa Nagoya au Tokyo, huenda alilala jenezani amezungukwa na maua yaliyotoka mikononi mwa Tokuji. Mwenyewe alilisema jambo hilo kwa fahari, tena watu wakiwa wanakula. Mkewe Hisano, enzi za uhai wake, alikuwa akimfinya paja chini ya meza ili abadilishe mazungumzo.

Walijaliwa mtoto mmoja, Kanae, naye badala ya kupenda maua akapenda gitaa.

Alianza angali sekondari. Jioni, watu wakitoka kazini, alisimama mbele ya stesheni ya Toyohashi, kasha la gitaa limefunguliwa miguuni pake, na kando yake kipande cha kadibodi chenye jina lake: Kanae, basi. Jina la ukoo baba alimkataza kulitumia. "Ukitaka kuombaomba, omba kwa jina lako mwenyewe," alimwambia. Tokuji alijua vizuri kwamba kuimba si kuomba, ila mwenye hasira hachagui maneno.

Kuimba njiani ni kazi ngumu, asikudanganye mtu. Ukumbini watu wamekuja kwa ajili yako. Njiani watu wana treni ya kuwahi, na wimbo wako umepewa pumzi moja tu ya kumsimamisha mtu. Wengi hawakusimama. Majira ya baridi vidole vilimfa ganzi. Askari alipokuja kumwambia kwa upole kwamba hapaimbwi, Kanae aliinama, akaomba radhi, akafunga kasha, akahamia upande wa pili wa daraja, akaanza upya. Taratibu wakapatikana wa kusimama: muuguzi mmoja, wanafunzi wawili watatu, mzee mwenye mbwa. Na Hisano, ambaye alimwambia mumewe kila wiki kwamba anakwenda mjini kununua vitambaa. Nyumba yao ingejaa vitambaa kama ingekuwa kweli.

Kisha Hisano akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Kanae alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, watu walipita mmoja mmoja kuweka maua ubavuni mwa marehemu. Yalikuwa kiku za Tokuji mwenyewe, alizozikata alfajiri ile. Kanae alipofika kwenye uso wa mama yake aliweka ua, halafu akaanza kuimba, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wafiwa wakainua vichwa. Tokuji akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Hapa si stesheni."

Kanae akafunga mdomo. Baada ya kuchoma mwili waliokota mifupa kwa vijiti, kama ilivyo desturi, mfupa mmoja ukishikwa na watu wawili. Baba na binti waliibeba mifupa ya Hisano pamoja, vijiti vyao vikigusana, wala hawakutazamana. Juma lile lile Kanae akaenda Tokyo.

Tangu hapo Tokuji alisikia habari za mwanawe kama anavyozisikia mtu mwingine yeyote. Alisikia kwamba kampuni ya muziki ilimchukua. Alisikia, kwa Morishita jirani yake, kwamba santuri ya kwanza haikununuliwa, na kwamba Kanae alikuwa akiimba katika maduka makubwa, chini ya ngazi za umeme, kina mama wakipita na mifuko ya vitunguu. "Bora angebaki stesheni," alisema Morishita, "kule angalau hakuna tangazo la nyama ya nguruwe katikati ya wimbo." Tokuji alicheka, kisha usiku akakosa usingizi.

Halafu wimbo wake mmoja ukatumiwa katika tamthilia ya televisheni, na ghafla Japani nzima ikawa inamjua Kanae. Tokuji aliusikia akiwa kwa kinyozi, uso umejaa povu. Kinyozi akasimamisha wembe. "Mzee, huyu si binti yako?" Tokuji akajibu, "Nyoa." Lakini machozi yalitoboa njia katika povu, na kinyozi, mtu mwenye adabu, akajifanya kuyapangusa kama povu tu.

Miaka sita ilipita hivyo, kisha ikaja bahasha kutoka Tokyo. Ndani mlikuwa na tikiti moja ya onyesho la Kanae, la kwanza katika ukumbi wa mji wa Toyohashi. Hakukuwa na neno hata moja la salamu. Tokuji aliigeuza tikiti mbele na nyuma, akaipeleka kwa Morishita.

"Amekuita," alisema Morishita.

"Ametuma karatasi."

"Wewe Toku, kichwa chako kigumu kuliko mawe ya bahari. Mtoto kakuita! Sasa nenda. Na usiende mikono mitupu, mkono mtupu haulambwi. Pale mlangoni watu hupanga maua ya pongezi, kila mtu na jina lake. Nenda dukani, agiza waridi."

"Ninunue maua? Mimi?"

"Kinyozi hajinyoi, bwana. Nunua."

"Nimelima maua miaka arobaini, halafu nimpelekee mwanangu maua ya mtu mwingine?"

Morishita akamtazama vizuri. "Toku. Usiniambie unataka kumpelekea kiku nyeupe. Watu watadhani unamwombea kifo."

Tokuji alijua. Nani angejua kuliko yeye? Ila moyoni alikuwa na sababu aliyoshindwa kuieleza hata kwa nafsi yake. Alichojua ni kwamba mikono yake haikuwahi kutengeneza kitu kingine kizuri, na kama mwanawe hatakipokea hicho, basi hana lingine la kumpa, na mambo yao yamekwisha.

Alichagua mashina bora ya banda zima. Aliyapanga juu ya kigoda kirefu kwa ustadi ambao wenye maduka ya maua wangeuonea wivu, akaandika jina lake kwa brashi kwenye kibao: Sugiura Tokuji. Asubuhi ya onyesho akayapakia kwenye kipikapu chake na kuyapeleka ukumbini mwenyewe. Wafanyakazi wa mlangoni waliyapokea kwa kuinama. Akaenda kula tambi za moto, akazunguka mjini, na jioni milango ilipofunguliwa akarudi amevaa suti yake nyeusi, ile ile ya mazishi, kwani hakuwa na nyingine.

Maua yalipangwa ukutani mpaka kwenye ngazi: waridi, okidi, mayungiyungi ya rangi ya machungwa, kila shada na jina la kampuni au kituo cha redio. Tokuji alipita akisoma majina. Akarudi akasoma tena. Lake halikuwepo.

Amelikataa, aliwaza. Kaona jina akasema liondolewe. Akashika ukuta. Alitaka kurudi nyumbani palepale, na kama asingekuwa mbishi angeondoka. Ubishi ule uliomkosanisha na mwanawe ndio uliomsukuma hadi mezani kwa wapokea wageni.

"Samahani, dada. Kulikuwa na kiku nyeupe hapa asubuhi."

Msichana aliyekuwa mezani akabadilika sura, akamwita meneja wa Kanae, mwanamke mfupi aitwaye Onodera, aliyetembea kama mtu anayekimbizwa.

"Umeyaona, mzee?" Onodera alinong'ona. "Samahani sana kama yamekukera. Kuna mtu mwenye chuki amemletea Kanae maua ya maiti. Siku kama ya leo! Vijana wa ukumbi waliyatoa nyuma mara moja, hata jina sijalisoma. Tumefanya kila njia asiyaone."

Tokuji akainama mpaka mgongo ukalala kama meza.

"Huyo mwenye chuki ni mimi," alisema. "Mimi ni baba yake. Nimewasumbua sana, mniwie radhi."

Onodera naye akainama, vichwa vikakaribia kugongana, kila mmoja akiomba radhi juu ya radhi ya mwenzake, na wageni wakapita pembeni wakistaajabu. Mwisho akamshika mzee mkono, akampitisha mlango wa wafanyakazi hadi ua wa nyuma. Kiku zilikuwa zimesimama kando ya mapipa ya taka, nyeupe na safi, hakuna hata petali moja iliyoanguka. Kibao cha jina kilikuwa kimelazwa chini kifudifudi.

"Nitaziweka mbele sasa hivi," alisema Onodera.

"Usiziweke," ilisema sauti nyuma yao.

Kanae alikuwa mlangoni, amevaa gauni la jukwaani na ndara miguuni. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa fupi kama za Hisano alipokuwa bibi harusi.

"Baba, umekuja kunizika?"

"Sina mengine."

"Najua huna mengine." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Lakini siwezi kuyaweka mbele. Watu walionunua tikiti wataingia wakiwa na hofu. Hata ungekuwa mfalme nisingeyaweka."

"Ni sawa. Nilikosea."

Kanae hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa baba yake. Alishuka ngazi, akainama kuzitazama zile kiku kwa karibu, kila ua kubwa juu ya shina moja. "Zinafanana na za siku ile," alisema.

"Ni mbegu ile ile." Sasa ndipo Tokuji alipoielewa sababu yake, akaona haya kwamba imemchukua muda wote huo. "Hazikuwa za sherehe yako, mwanangu. Ni za mama yako. Siku ile nilikukatiza. Ulikuwa hujamaliza kumzika mama yako, nikakukatiza. Nimekuja kukuomba umalizie. Uimbe."

"Ulisema hapa si stesheni."

"Nilisema."

"Mbele ya shangazi zangu wote."

"Mbele ya wote."

Ndani kengele ililia kuwaita watu vitini. Onodera alitazama saa, akaamua kutosema kitu, na kwa hilo anastahili sifa.

"Wimbo ule siuimbi tena mbele ya watu," alisema Kanae. "Sijaurekodi. Nimeukataa hata walipotaka kunilipa. Na nikiuanza hapa sasa, nitalia, na wale mle ndani watarudi makwao bila onyesho. Kesho asubuhi, baba. Nyumbani, mbele ya picha ya mama."

"Kesho asubuhi tuna treni ya Osaka," Onodera alijikuta akisema.

"Nitapanda ya mchana."

Tokuji akazipakia kiku kwenye kipikapu, kisha akaingia kuketi kwenye kiti chake. Kanae aliimba kwa saa mbili mbele ya ukumbi uliojaa mpaka juu, na katikati alisimulia habari za daraja la stesheni na mzee mwenye mbwa, watu wakacheka. Tokuji hakujua lini watu hupiga makofi na lini hukaa kimya, akawa anapiga baada ya wenzake wote kunyamaza.

Asubuhi alifagia nyumba, akafungua milango ya kabati la madhabahu ya Hisano, akampa wali wake katika kikombe kidogo na kuziweka kiku pande zote mbili za picha. Kanae alifika kwa teksi. Hakuja na gitaa. Aliwasha udi, akagonga kengele ndogo, akaunganisha viganja. Kisha akaimba.

Ulikuwa wimbo wa taa za rasi, zile zinazowashwa mabandani usiku ili kiku zidhani bado ni mchana, zisichanue kabla ya siku yake. Aliutunga akiwa na miaka kumi na saba, kwenye treni ya kurudi nyumbani, akizitazama taa hizo dirishani.

*Usichanue bado, ngoja kidogo,*
*yuko njiani anakuja.*

Ubeti wa kwanza aliumaliza. Wa pili ulipoanza sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Yeye aliyesimama jana mbele ya ukumbi mzima hakuweza kutoa hata neno. Aliinamisha uso kwenye mikono.

Tokuji akaupokea ubeti wa pili.

Aliimba vibaya, jamani, vibaya sana, kama mtu anayeita mbuzi waliopotea. Lakini maneno yalikuwa yenyewe, hakukosa hata moja, na alifika mpaka mwisho.

Kanae aliinua uso. "Baba. Umejifunza wapi? Wimbo huu niliuimba stesheni tu, zamani."

"Mama yako." Tokuji hakumtazama, aliitazama picha. "Tulipokuwa tukikonyoa matumba ya pembeni, yeye upande ule wa tuta, mimi upande huu, alikuwa akiuimba asubuhi mpaka jioni. Miaka yote ile. Nilikuwa nikimwambia, nyamaza, Hisano, unanipotezea hesabu ya matumba. Hakuninyamazia hata mara moja, yeye aliendelea tu."

Alitafuta leso mfukoni, hakuiona, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Siku ile ulipouanza pale jenezani, nilimsikia yeye. Nikamnyamazisha kama nilivyozoea. Na safari hii kukawa kimya."