Kata ya Kwanza

"Onja kwanza, Mama," Teodori alisema, akairudisha kata ya pombe kwa Marsiana.

Marsiana hakuonja. Alikuwa ameibana bigijii ya dawa kati ya fizi na shavu, akamtazama mteja wake kama anayemtazama kuku aliyeingia jikoni.

Wanaume kwenye mabenchi wakageuka kumtazama. Pale Mpui mwenye pombe hunywa funda la kwanza mbele ya wateja, wote waone kwamba hakutia sumu. Ndivyo alivyofanya mama yake Marsiana, na ndivyo alivyofanya yeye tangu alipoolewa, kila chungu, kwa kila mwenye shaka. Na wenye shaka, jamani, hawajawahi kuadimika.

Shida ilikuwa kinywa. Kama wanawake wengi wa rika lake, Marsiana alivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, majivu yasije yakadondokea chunguni. Baada ya Pasaka daktari wa meno mjini Sumbawanga alimmulika, akaona doa jeupe kwenye kaakaa. Alisema bado halijawa ugonjwa wenyewe, ila akiendelea kuvuta asije akamlaumu mtu. Asnath, binti wa kaka yake, muuguzi, ndiye aliyemtafutia zile bigijii za kumsaidia kuacha.

Basi akatafuna huku akionja pombe, na hamu ya sigara ikamtesa vilevile. Alimwaga ulezi akiupepeta. Alimtukana mbuzi. Jioni moja alivuta mbili mfululizo nyuma ya choo, akalia kwa hasira, na wateja waliosikia wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Uzee wote huo unaacha ili iweje?" Teodori alimuuliza. "Unataka kuwa mtawa?"

Jana Asnath alikuja kumjulia hali, akamkuta na bigijii mdomoni na kata mkononi. Akashika kichwa.

"Shangazi! Pombe ni chachu. Ukinywa kitu kichachu dawa haipenyi kinywani. Na wewe unaonja kutwa. Unatafuna bure!"

"Sasa nitaonjaje?"

"Chagua, shangazi. Mimi sitaki kukuzika kwa ajili ya funda la pombe."

Usiku kucha Marsiana alikuwa akichagua, akigeuka huku na huku kitandani. Sasa aliiweka kata kwenye benchi, akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Sionji. Kuanzia leo sionji. Ulezi ni ule ule, na mikono ni hii hii."

"Makubwa!" akasema Leonidas, fundi baiskeli. "Mpika pombe anaiogopa pombe yake! Na hicho unachotafuna, tutajuaje ni nini?"

"Dawa ya kuacha sigara. Mmekunywa kwangu miaka yote hii. Nimemuua nani? Mtajeni!"

Wengine walimtupia jicho Kasmir, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekaa pembeni akitazama viatu vyake.

"Coleta naye ana pombe, na anaonja," Teodori alisema, akiinuka.

"Nendeni kwa Coleta. Msalimieni sana."

Wakaenda kweli. Leonidas aliwasha sigara mlangoni, akaupuliza moshi ndani makusudi. Marsiana alitamani kumrukia aipokonye, aivute hadi imuunguze ulimi. Alishika ukingo wa benchi kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Aliogopa, tena sana. Jina la pombe yake ndilo lililomlisha tangu afiwe, likijulikana mjini na vijijini, na alilipenda kuliko nyumba. Lakini hakumwita hata mmoja arudi.

Kasmir peke yake alibaki. Huyu ndiye aliyenong'ona msibani kwamba kaka yake hakufa hivi hivi, alitiliwa kitu, na tangu siku hiyo hakugusa kata mpaka Marsiana aonje mara mbili.

"Na wewe nenda, shemeji," Marsiana alimwambia. "Sikukatazi."

"Nimekwambia naenda?"

"Sionji, lakini. Hata kwako."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Akaisogelea kata. Aliichungulia kwa muda mrefu, povu likipasuka taratibu, upepo wa kipupwe ukigonga bati juu. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba bila kuonjewa. Marsiana alisimama, macho kwenye koo la shemeji yake, likipanda na kushuka.