Sindano ya Baba Mkwe

Atuganile alisimama nje ya ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo, ameshika bakuli lenye sindano iliyochemshwa na kufunikwa kwa kitambaa safi, akasikiliza kikohozi cha baba mkwe wake kikipanda kutoka kifuani kama gogo linaloburutwa. Hatua chache tu zilimtenganisha na mgonjwa. Hakuweza kuzipiga.

Tangu aolewe na Yotamu hakuwahi kuutazama uso wa Mzee Jailos. Ndivyo Wanyakyusa wa kilima kile walivyolea heshima: mkaza mwana humkwepa baba mkwe, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye huingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Mzee Jailos alikuwa Mkristo wa ubatizo wa zamani, lakini jambo hili hakulilegeza hata kidogo.

"Damari," sauti yake ikatoka ndani, nyembamba, "mwambie huyo aliyesimama nje arudi kwake. Mganga atakuja."

Damari, mama mkwe, alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. "Anakusikia mwenyewe. Hata kuku wamekusikia."

"Nimesema mwambie."

"Mama Alinanuswe," Damari akamwambia Atuganile kwa uchovu, "unaambiwa urudi kwako."

Mganga asingekuja. Mvua ilikuwa imebeba daraja la magogo, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Eliezeri, mganga wa zahanati, alikuwa ameliona hilo mapema. Masika ya mwaka ule wa sabini na tano yalipoanza, alimchagua Atuganile kutoka darasa la kisomo cha watu wazima, kwa kuwa alisoma maandishi madogo bila kubahatisha. Akamfundisha kuchoma sindano kwenye parachichi gumu, kisha kwa wagonjwa, yeye akiwa pembeni. Mwishowe akamwachia sanduku la bati lenye vichupa vya dawa ya kifua kikuu, ili mto ukifurika wagonjwa wa upande huu wasikose.

Mwaka uliotangulia, kabla zahanati haijafunguliwa, dawa hiyo ilipatikana katika hospitali ya wilaya peke yake, safari ya kutwa nzima kwa miguu na kwa lori. Mzee alilazwa huko, akapata nafuu, akadhani nafuu ndiyo kupona, akakatiza dawa, akarudi kwenye shamba lake la kahawa. Kikohozi kikarudi na damu. Eliezeri alianza kumchoma upya, akamwambia waziwazi: "Safari hii ukikatiza, mzee wangu, ugonjwa utaizoea dawa, nami sina nyingine ya kukupa."

Yotamu alikuwa mbali, Mbeya, akifanya kazi kwenye reli mpya. Hapakuwa na mwingine aliyejua kushika sindano.

Atuganile hakuruhusiwa kumsemesha mzee. Kando ya ukuta palikuwa na kinu kilichopinduliwa chini. Akakigeukia.

"Wewe kinu," akasema kwa sauti ya kawaida, "leo ikikosekana dawa, na kesho itakosekana, maana mto haujasema utapungua lini. Mimi sitafuti uso wa mtu. Sindano haina haja na uso. Inataka bega."

Kisu cha Damari kikatulia juu ya ndizi.

"Mwambie kinu," mzee akasema hatimaye, "kwamba mimi ni mtu mzima. Sitavuliwa shati na mke wa mwanangu."

"Kinu," Atuganile akajibu, "hakuna aliyetaja shati."

Damari alicheka ndani ya khanga yake. Kisha uso ukambadilika. "Baba Yotamu, nilikufuata hospitali na uji mpaka miguu ikavimba. Sasa nikikuzika, nitawaambia nini watu msibani? Kwamba dawa ilikuwa uani, ikashindwa kuvuka ukuta?"

Atuganile alingoja. Akakaza vidole kwenye ukingo wa bakuli. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke aliposikia mwanzi ukilia kwa kuvunjika. Udongo ukabanduka ukutani. Mwanzi wa pili ukavunjika, na katika upenyo ule ukatoka mkono, taratibu, mpaka begani.

Ulikuwa mkono wa Yotamu uliozeeka: kiwiko kilekile chenye mfupa uliochomoza, vidole vilevile virefu. Nyama ilibaki kidogo. Atuganile akachuchumaa. Alitia maji yaliyochemshwa kwenye kichupa cha dawa ya unga, akakitikisa mpaka dawa ikayeyuka, akaivuta, akasukuma hewa yote nje. Alipaka spiriti kwenye ngozi ile. Alichoma. Akavuta kidogo kuhakikisha hakuna damu, kisha akasukuma polepole sana, kwa maana dawa ile ilijulikana kwa maumivu. Vidole vya mzee vikajikunja, vikakunjuka.

"Damari, mwambie kinu kwamba Eliezeri huchoma kama anayepigilia msumari."

"Kinu kimesikia," Damari akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Atuganile alitembea hadi nyuma ya jiko, akaketi chini kwenye matope, akacheka na kulia kwa pamoja.

Magogo mapya yalipolazwa juu ya mto, Eliezeri alikuja na mkoba wake. Mzee akamwambia atangulie kwa wagonjwa wengine. Mkono ukatoka ukutani kumwelekea Atuganile, kama siku zote. Kingo za upenyo zilikuwa zimelainishwa kwa kisu. Eliezeri akaduwaa, kisha akatabasamu. "Naona zahanati yangu imeongezewa dirisha."

Siku za sindano ziliisha, zikafuata za vidonge. Baridi ikaingia, na kahawa ikaanza kuiva. Asubuhi moja Atuganile alikuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani aliposikia mtu akija nyuma yake. Akaujua mdundo wa fimbo ya baba mkwe. Akaingia migombani, akatua ndoo, akageuza uso.

Hatua zikasimama karibu naye. Mzee alikuwa akitafuta pumzi. Kilima kile kilikuwa kikali hata kwa vijana. Atuganile akaubana mshikio wa ndoo, akingoja kikohozi. Ukungu ukateremka juu ya majani. Kikohozi hakikuja. Kisha akasikia kikapu cha kuchumia kahawa kikihamishwa kutoka bega moja hadi jingine, na hatua zikaendelea kupanda, moja baada ya nyingine, mpaka zikasikika kwa mbali tu, huko juu kwenye mibuni.