Diski ya Mpima Ardhi

Ofisi ilituma mtu na ujumbe wa adabu zote: laptopu ya marehemu ni mali ya kazi, irudishwe leo kabla ya saa za kufunga, ifutwe, apewe mpima ardhi mwingine. Kama ndani yake mna vitu vya familia, familia ichukue mapema. Mjane alisikiliza, akasema sawa. Siku hizi jibu lake lilikuwa hilo hilo. Kula, sawa. Kalale, sawa. Waliokuja kumpa pole walimkuta amekaa wima na macho makavu, na baadhi yao walitoka wakinong'ona kwamba mwanamke yule ana roho ngumu. Wambea wakubwa. Roho yenyewe hakuisikia iko wapi. Alikuwa amekufa ganzi kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Ungemfinya, angekuuliza tu unatafuta nini.

Aliyemkokota hadi dukani kutafuta diski ya kunakilia, laptopu kwapani, alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mdomo wake haupumziki hata usingizini. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kumbana muuzaji wa vifaa vya kompyuta. Muuzaji mwenyewe aliitwa Chapchap, na usidanganyike, jina hilo walimpa kwa kejeli. Alifuta kaunta, akafuta miwani, akarudia kaunta, ndipo akauliza wanataka diski ya ukubwa gani.

"Sijui," mjane akasema.

"Unataka kuweka nini?"

"Mume wangu."

Chapchap akaacha kufuta. Wifi akaingilia kati, "Picha zake, kaka. Fungua hiyo laptopu uone mwenyewe zina uzito gani."

Zilikuwa nyingi, na karibu zote za kazi: vigingi vya mipaka, pembe za viwanja, mawe yaliyopakwa rangi nyeupe. Mpima ndiye aliyeshika kamera maisha yake yote. Hata kwenye picha za nyumbani wamo wote, mpaka paka, isipokuwa yeye.

"Haya mawe waachieni ofisi," Chapchap akashauri. "Halafu mpigaji alisimama vibaya, kivuli chake kimeharibu kila picha. Mkiyaacha, flashi ndogo tu inawatosha."

Mjane akasogea karibu na kioo cha laptopu. Kando ya kila kigingi palikuwa na kivuli kirefu chenye kofia ya ukingo mpana, kiwiko kimoja kimeinuka. Alimtambua kwa bega la kushoto lililoshuka. Miaka yote alikuwa akimtania kwamba analibeba kama gunia la mkaa. Akangoja asikie kitu moyoni. Hakusikia. Alichojua, kwa akili kavu kabisa, ni kwamba mawe hayo yakifutwa hatakuwa na mume wa kumtazama.

"Nataka hizo hizo," akasema. "Zote."

"Nakili tu, kaka," wifi akaongeza. "Ofisi wabaki na mawe yao, hatuwapunguzii kitu."

Chapchap akaweka diski mbili juu ya kaunta. Moja nyembamba, nyepesi, haina kitu kinachozunguka ndani. Ina kasi, na ukiiangusha unaiokota na kuendelea na kazi. Ya pili nzito, ya mtindo wa zamani, ndani yake mna sahani inayozunguka. Hiyo ni ya polepole, na ikianguka vibaya umeumia. "Ningekuwa mimi," alisema, "ningechukua nyembamba bila kuuliza mara mbili."

"Nyembamba," wifi akakubali. "Wifi yangu, wewe siku hizi hata kikombe hakikai mkononi."

Kweli kabisa. Vikombe alivivunja, na vipande alivipita kama si vyake.

"Itadumu?" mjane akauliza.

"Dada, nisikudanganye. Diski zote hufa. Hii itakufa na ile itakufa. Ndiyo maana watu huhamishia kwenye mpya."

"Zinakufaje?"

Wifi akamtazama kwa wasiwasi. Kaka yake asubuhi ile alikunywa chai, akabishana na redio, akainama kufunga kamba za viatu, asiinuke tena. Hakuwa na homa wala kikohozi, hakulalamika hata kichwa. Daktari alisema hakusikia chochote, naye alidhani anamfariji mtu.

Chapchap, ambaye hakuyajua hayo, akajibu kama fundi. "Hii nyembamba mara nyingi haikuambii. Jana ilifanya kazi vizuri, leo unachomeka, kimya. Hii ya sahani kwa kawaida huanza kulia. Inagonga ndani, ta, ta, ta, inasuasua. Si kila mara, lakini mara nyingi inakupa nafasi ya kuokoa vitu vyako."

Mjane akaichukua ile nzito kwa mikono miwili.

"Hii."

"Wifi, ukiiangusha hiyo..."

"Sitaiangusha."

"Mwenye duka mwenyewe anakwambia ile ndiyo bora."

"Najua ni bora. Nyepesi, haisumbui, leo ipo na kesho kimya." Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akasikia kitu kinamuuma, hapa, chini ya koo, kinamuuma sana. "Mimi nataka inayoniambia, wifi. Iniambie tu. Hata kama sina la kufanya, nijue, nikae nayo."

Wifi akamsogezea Chapchap laptopu. Chapchap akachomeka waya, picha zikaanza kuhama. Mjane akainama juu ya kaunta, akalaza sikio kwenye diski, na machozi yakimtiririka akabaki hapo anaisikiliza ikizunguka.